Sukari ya mimba haianzii kwenye kikombe cha chai

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa wiki iliyopita uligusa sukari ya mimba, yaani kisukari kinachompata mama akiwa mjamzito, na kwa hilo nawashukuru, maana hapa Bukavu ugonjwa huu husemwa kwa sauti ya chini. Ila kuna sentensi moja siwezi kuinyamazia: kwamba mama mjamzito "hujiletea mwenyewe" sukari kwa kupenda vitu vitamu. Naijua sentensi hiyo tangu zamani. Niliisikia kwa wifi zangu, nikaisikia kwa mama mkwe, nikaisikia hata kwenye foleni ya CPN, kliniki ya wajawazito, kwa mama mmoja nisiyemjua aliyechungulia fishi yangu ya kliniki bila kuombwa. Ilikuwa mimba yangu ya pili. Mama mkwe, ambaye kusema kweli ni mtu wa huruma, alichukua kopo la sukari pale mezani akaenda kuliweka chumbani kwake juu ya kabati. Wageni wakija, mimi mwenye nyumba ndiye naenda kubisha hodi kuomba sukari ya chai yao.

Mimi ni mwalimu wa biolojia huko Bagira, nafundisha wanafunzi wa kemia-biolojia. Asubuhi nachora kongosho ubaoni na kueleza kazi yake. Jioni naelezwa nyumbani kwamba kongosho langu mimi limeharibiwa na vitumbura. Mtu akiishi hivyo miezi kadhaa anapata hamu ya kuandikia gazeti.

Nianze na jambo linalomshangaza karibu kila ninayemwambia. Mimba ikishavuka nusu, mwili wa mama huanza kuipuuza insulini yake. Si wa mama mgonjwa tu. Ni wa kila mama, hata yule anayekunywa chai bila sukari tangu utoto. Misuli na mafuta ya mwili, ambavyo siku zote hupokea sukari kutoka kwenye damu insulini ikiviamuru, vinakuwa vizito kusikia. Mimba inapokaribia mwisho, nguvu ya insulini juu yake imeshuka kwa nusu au zaidi. Mhusika mkuu ni kondo la nyuma. Linamwaga homoni zake ndani ya damu ya mama: projesteroni, homoni ya ukuaji inayotengenezwa na kondo lenyewe, na nyingine inayoitwa laktojeni ya kondo. Kotisoli ya mama, homoni ya msongo, nayo inapanda. Yote hayo ni kwa ajili ya mtoto. Mtoto tumboni anaishi hasa kwa glukosi, ndiyo sukari ya damuni, na kama misuli ya mama ingeinyakua yote mara tu baada ya chakula, yeye angebaki na makombo. Basi homoni zinamwambia mama: wewe choma mafuta, sukari iache ipite kwa mwenzako.

Kila mwaka nikifika hapo kuna mwanafunzi anainua kidole: "Prof, kama ni hivyo, basi wajawazito wote wangekuwa na sukari." Ndilo swali lenyewe, na ndilo ambalo mwandishi wenu hakujiuliza. Wajawazito wengi hawapati ugonjwa wa sukari. Wengi wao, wakipimwa asubuhi kabla ya kula, wana sukari ya chini kuliko waliyokuwa nayo kabla ya mimba. Kuna kitu kinafanya kazi ya ziada mahali fulani.

Mahali penyewe ni nyuma ya tumbo la chakula, kwenye kongosho. Sehemu kubwa ya kongosho inatengeneza maji ya kumeng'enya chakula, lakini ndani yake kuna vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika, ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi Berlin. Hakujua vinafanya nini. Mpaka leo tunaviita visiwa vya Langerhans. Mtu mzima ana visiwa kama milioni moja, na ukivikusanya vyote havizidi sana asilimia moja au mbili ya kongosho lote. Ndani ya visiwa hivyo ndimo zimo seli za beta, na seli za beta ndizo zinazotengeneza insulini ya mwili mzima. Hakuna duka jingine. Ikiwa misuli imekuwa mizito kusikia, ni seli hizo hizo zinazotakiwa kupaza sauti, na mwishoni mwa mimba zinatoa insulini mara mbili ya kawaida na zaidi.

Zinajuaje kwamba mzigo unakuja? Zinaambiwa na homoni. Seli za beta zina vipokezi vya prolaktini. Nikisema hivyo darasani wavulana hucheka, kwa sababu wamekariri kwamba prolaktini ni homoni ya maziwa ya mama. Ni ya maziwa kweli, lakini mwili hautengenezi homoni moja kwa kazi moja tu. Wakati wa mimba prolaktini inayotoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, inapanda sana. Na laktojeni ya kondo, ambayo wanasayansi waliieleza mwaka 1962, inaingia kwenye kipokezi hicho hicho. Kwa hiyo kondo lile lile linaloziba masikio ya misuli linatuma pia ujumbe kwa kongosho lijiandae. Nikiwa mwalimu nimefundisha mambo mengi ya mwili wa binadamu, na hakuna linalonifurahisha kama hili.

Homoni hizo zikishika kipokezi, seli ya beta inabadilika kwa njia kadhaa. Inaongeza glukokinesi, kimeng'enya kinachoisaidia kuhisi sukari iliyomo damuni, hivyo inaanza kutoa insulini wakati sukari ikiwa bado kidogo, bila kungoja ipande kama zamani. Inatengeneza insulini nyingi zaidi na kuiweka akiba. Na kwa panya, ambao ndio waliochunguzwa kwa karibu, seli zenyewe zinagawanyika na kuongezeka. Jambo la ajabu ni wakati wake: kwa wanawake, utoaji wa insulini unaanza kupanda tangu miezi mitatu ya kwanza, kabla misuli haijaanza kukataa sana. Kongosho linatangulia.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha namna mojawapo panya wanavyofanya. Seli za beta za mtu mzima hazipendi kugawanyika. Kuna protini iitwayo menini inayozizuia. Prolaktini inapopanda, menini inapungua. Hapo wanafunzi wangu huelewa haraka nikiwaambia wafikirie pikipiki kwenye mteremko wa Bukavu na dereva anayelegeza breki bila kugusa mafuta. Panya walioongezewa menini kwa makusudi hawakuweza kuongeza seli zao wakiwa na mimba, wakapata sukari. Panya wale hawakula keki.

Kisha mwaka 2010 kikundi cha watafiti wa California wakishirikiana na wenzao wa Korea Kusini walichapisha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Seli za beta za panya mwenye mimba, zikichochewa na prolaktini na laktojeni ya kondo, zinaanza kutengeneza serotonini kwa wingi. Serotonini tunaijua zaidi kwa mambo ya ubongo na usingizi. Hapa inafanya kazi ndani ya kisiwa chenyewe: seli inaitoa, inaipokea, inachochewa kugawanyika. Na serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, kipande cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, lazima kitoke kwenye chakula. Watafiti walipowapunguzia panya wenye mimba triptofani, seli za beta hazikuongezeka na sukari ikapanda.

Nawaomba wasomaji wasikimbilie kuuza dawa ya triptofani pale sokoni Kadutu. Panya si mama Furaha. Kwa binadamu, hesabu iliyofanywa kwenye makongosho ya wanawake waliofariki wakiwa wajawazito ilionyesha kwamba seli za beta zinaongezeka pia, lakini kwa kiasi kidogo zaidi: kazi ya Wabelgiji mwaka 1978 ilisema mara mbili na ushei, na nyingine iliyofanywa Marekani mwaka 2010 ikasema mara moja na nusu hivi, hasa kwa kutokea visiwa vipya vidogo badala ya vile vya zamani kunenepa. Maana yake ni kwamba mwanamke anategemea sana seli alizo nazo tayari zijitume kwa bidii. Hata hivyo siachi kuona kejeli: familia inamwondolea mama kikombe cha chai, lakini hakuna anayeuliza kama sahani yake ina kitu kingine zaidi ya bugali ya mihogo. Muhogo hauna protini ya kutajwa. Maharage yanayo, sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, wanayo, mayai yanayo. Mimi sikuulizwa hata mara moja kama nimepata samaki.

Sasa turudi kwa anayepata sukari. Ni mama ambaye misuli yake imekataa insulini kama ya wenzake, pengine zaidi kidogo, lakini seli zake za beta zimeshindwa kufika kiwango kinachotakiwa. Sababu zinajulikana kwa majina: ukoo wenye ugonjwa wa sukari, umri uliosogea, uzito uliozidi kabla ya mimba, ambao unafanya misuli ianze safari ikiwa tayari mizito kusikia. Kwangu ni baba yangu mzazi na shangazi zangu wawili, wote wa sukari. Chakula kina nafasi yake katika uzito, sibishi. Lakini nimekaa benchi moja na akina mama wembamba kabisa, wauza mboga wanaopanda na kushuka mlima na mizigo kila siku, na sukari wanayo. Ukimwambia mmoja wao kwamba amejiletea, atafanya nini? Ataficha. Hatakwenda kupimwa, au akienda hatarudi kuchukua majibu, kwa sababu majibu yamekuwa cheti cha ulafi.

Na kupimwa ndiko kwenye shida yetu kubwa hapa. Kwenye kituo cha afya cha mtaani kwetu, kila CPN nilikuwa nakojoa kwenye kikopo, muuguzi anachovya bandeleti, anaangalia rangi, anaandika. Watu wengi wanaamini hicho ni kipimo cha sukari ya mimba. Sicho. Figo za mjamzito huchuja damu nyingi kuliko kawaida na huachia sukari ipite kwenye mkojo hata kwa mama mzima. Na mama mwingine ana sukari ya mimba huku mkojo wake ni safi. Kipimo chenyewe hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, wakati kondo limeshaanza kusukuma kwa nguvu. Unafika labo hujala tangu usiku. Wanakutoa damu. Wanakupa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji. Mimi nilikamuliwa limau ndani, la sivyo ningetapika, maana ni utamu unaoshika meno. Unakaa. Baada ya saa moja wanakutoa damu tena, na baada ya saa mbili tena. Huruhusiwi kutembea kwenda kununua karanga, unakaa tu na kutazama ukuta. Kwa kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 2013, ikifika 92 ukiwa hujala, au 180 baada ya saa moja, au 153 baada ya saa mbili, kwa miligramu kwenye desilita, una sukari ya mimba. Mojawapo inatosha. Namba hizo zilitokana na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, wanawake zaidi ya 23,000 wa nchi 9, ulioonyesha kwamba kadiri sukari ya mama inavyopanda, ndivyo watoto wanavyozidi kuzaliwa wakubwa kupita kiasi, hata kabla mama hajafikia kiwango cha kuitwa mgonjwa wa sukari.

Mimi nilipelekwa kwenye kipimo hicho kwa sababu daktari mmoja kijana aliuliza mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi. Kilo 4 na nusu. Siku ile maternite ilisimama kumtazama, wifi zangu walipiga vigelegele, wakasema hilo ndilo toto la mama aliyelishwa vizuri. Nilishonwa na kushonwa. Hakuna aliyejiuliza kilo hizo zimetoka wapi.

Zimetoka hapa. Glukosi ya mama inavuka kondo na kuingia kwa mtoto. Insulini ya mama haivuki. Mdenmaki Jørgen Pedersen alilieleza hilo kwa mapana tangu miaka ya 1950. Sukari ya mama ikiwa nyingi, mtoto anaipokea, na kongosho lake dogo linalazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi. Insulini kwa mtoto tumboni ni ya kunenepesha. Akishazaliwa na kitovu kukatwa, sukari ya mama inakoma ghafla, lakini insulini yake bado iko juu, basi sukari yake inaweza kuporomoka ndani ya saa chache. Ndiyo maana wa pili, aliyezaliwa na kilo 3 na robo, alichomwa kisigino mara kwa mara siku ya kwanza huku mama mkwe akigombana na muuguzi kwamba wanamtesa mtoto.

Tulimfikisha kwenye kilo hizo bila dawa. Wengine huhitaji sindano ya insulini, na hapo si aibu wala si mwisho wa dunia, maana insulini haivuki kwenda kwa mtoto. Kwangu ilitosha kupunguza donge la bugali, kujaza nafasi yake kwa mboga ya lengalenga na maharage, kugawa chakula cha siku badala ya kula mlima mmoja jioni, kuacha sukre za chupa, yaani soda, na kutembea baada ya kula. Milima ya Bukavu ni bure. Mnaona kwamba sikatai kupunguza vitamu. Seli zangu zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wao, nami nikazipunguzia kazi; hiyo ni tiba, na mtu anaweza kuifuata bila kuhukumiwa kwanza.

Nilipojifungua, nilimwomba mkunga anionyeshe kondo la nyuma. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, kisha akaleta beseni. Akaligeuza kwa mikono yake yenye glavu, akanionyesha upande wa mtoto, unaong'aa, na mishipa inayokusanyika kwenye kitovu, na upande wa mama, mwekundu mzito wenye mafungu mafungu. Kama nusu kilo ya nyama, wala haikuzidi. Nilikuwa nalifundisha miaka yote nikiwa sijaliona. Likishatoka, homoni zake zinaisha damuni upesi, misuli inaanza kusikia tena, na seli za beta zilizoongezeka zinapungua. Kwa panya zinarudi kwenye hesabu yake ya kawaida ndani ya siku kumi hivi. Kesho yake glisemi yangu, kiwango cha sukari damuni, ilikuwa nzuri kabisa na niliruhusiwa kwenda nyumbani.

Hapo ndipo mwandishi wenu alipomalizia, kwamba "baada ya kujifungua sukari huisha". Ndiyo, huisha kwa wengi. Lakini kongosho lililoshindwa kuongeza kasi wakati wa mimba limetuambia kwamba akiba yake ni ndogo. Mwaka 2009 watafiti walikusanya tafiti nyingi pamoja wakaona kwamba mwanamke aliyewahi kupata sukari ya mimba ana hatari mara 7 hivi ya kupata kisukari cha kudumu baadaye, ukimlinganisha na asiyeipata. Kunyonyesha kunapunguza hatari hiyo. Ushauri ni apimwe tena kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, na kisha kila mwaka au kila baada ya miaka mitatu, maisha yake yote. Mimi nilijipeleka kwa sababu nafundisha biolojia. Mmoja wa wale wauza mboga niliokaa nao benchi moja alikwenda zake na mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwambia arudi.

Ila kuna siku moja anarudi kwa vyovyote. Mtoto akifikisha wiki 6 analetwa kwa chanjo. Akina mama wa Bukavu hawakosi chanjo, watafika hata mvua ikinyesha. Mama yupo pale, ameketi, ana saa nzima ya kungoja. Fishi ya chanjo ya mwanangu ilikuwa na nafasi ya kilo za mtoto, ya tarehe, ya aina ya chanjo, na haikuwa na mstari hata mmoja wa sukari ya mama. Namwomba mwandishi wa ukurasa wenu wa afya, badala ya kuhesabu vijiko vya sukari kwenye chai zetu, aende akawaulize wakubwa wa afya wa mkoa ingegharimu nini kuongeza mstari huo na bandeleti moja ya damu siku hiyo, kisha atuandikie walichomjibu.

Mwalimu wa biolojia,
Bagira, Bukavu